Gugu karoti kwenye ploti ya hamsini kwa mia

Mvua ndefu zikianza Nairobi, kando ya barabara na kwenye ploti ambazo hazijajengwa huota mmea wenye majani yaliyochanika kama ya karoti na vimaua vidogo vyeupe. Watu huupita tu. Ndio gugu karoti, mgeni kutoka Amerika ya kitropiki, na mwaka 2010 Kenya iliutangaza rasmi kuwa gugu hatari.

Tangazo hilo lina uzito. Sheria ya Kukomesha Magugu Hatari, Sura ya 325, inamtaka anayehusika na ardhi ayaondoe magugu yaliyotangazwa. Mkaguzi ana ruhusa ya kuingia kuangalia, na ukipuuza agizo lake, kazi inaweza kufanywa na wengine kisha wewe ukadaiwa gharama. Wakazi wa mjini hudhani hayo ni mambo ya wenye ekari huko mashambani. Sivyo: bustani ya nyuma ya nyumba nayo ni ardhi.

Mmea mmoja hutoa mbegu zaidi ya 15,000, tena huchanua wiki chache tu baada ya kuota. Mbegu husafiri kwa matope ya magurudumu, mchanga wa ujenzi na samadi unayonunua bila kuuliza ilikotoka. Chavua yake huamsha pumu na mafua ya mzio. Ukiushika mara kwa mara, ngozi huwasha na kututumka. Ng'ombe akiula, maziwa huwa machungu.

Si kila mvamizi huja kwa kujificha. Gugumaji lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake ya zambarau. Kwenye Bwawa la Nairobi, pale Kibera, uzuri huo uliishia kuyafunika maji. Kwa hiyo rafiki akikuletea kipandikizi kutoka ng'ambo ndani ya sanduku la nguo, jua kwamba mimea haiingii nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea.

Gugu karoti ling'oe kabla halijachanua, udongo ukiwa na unyevu ili mzizi utoke wote. Vaa glavu na ufunike pua. Kulifyeka kwa panga hakusaidii, huchipua tena. Likiwa limeshachanua, litie kwenye mfuko taratibu, wala usilitupe kwenye shimo la mboji. Hapo ulipong'oa panda nyasi au sukuma wiki upesi, maana gugu hili hupenda udongo ulio wazi.