Mfumo wako unasomana na nani? Neno kwa wenye biashara na wasanidi programu

Tangu kampeni ya usajili wa wakusanyaji na wachakataji wa taarifa binafsi ianze kufika mikoani, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mimi nauza viatu, taarifa za watu nazitoa wapi?" Wanaouliza si wakaidi. Ni wafanyabiashara wanaolipa kodi, wenye leseni ukutani na mashine ya EFD kaunta, na wanaamini kabisa kwamba sheria ya kulinda taarifa binafsi, inayodai usajili huo, iliwekwa kwa ajili ya benki, hospitali na kampuni za simu. Nami huwarudishia swali: yule mteja wa Mbeya uliyempakilia raba kwenye basi jana, jina lake na namba yake ya simu umeviandika wapi?

Hunyamaza kidogo. Kisha jibu huja lile lile: "Hayo yapo kwenye mfumo. Anayejua ni kijana wa IT."

Basi tuanze na huyo kijana wa IT.

Kauli ya maofisini kwa miaka kadhaa sasa ni "mifumo isomane", na kwa sehemu kubwa imeanza kusomana. Mfumo wa GePG, ule wa Serikali wa kupokea malipo kwa njia ya kielektroniki, ulipoanza mwaka 2017, taasisi za umma zilianza kutoa kumbukumbu namba moja inayotambulika benki na kwenye simu papo hapo, na mwananchi akapumzika kubeba karatasi ya benki kuirudisha ofisini ili igongwe muhuri. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ambao mwisho wake ulikuwa Januari 20, 2020, ulikuwa ni kifaa cha wakala kikiuliza kanzidata ya NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, kama huyu ndiye. Sekta binafsi haikubaki nyuma. Mitandao ya simu ilifungua API zake za malipo, yaani milango ambayo programu ya mtu mwingine huingilia kuzungumza na mfumo wao, na leo duka la Instagram lisilo hata na fremu Kariakoo linapokea fedha, linatoa risiti ya kielektroniki kupitia VFD, yaani EFD iliyo programu badala ya mashine, linaita bodaboda na kumtumia mteja meseji, na mwenye duka yuko harusini.

Kazi iliyokuwa ya karani, mhasibu na mpokea simu imeingia kwenye mistari ya programu iliyoandikwa na mtu mmoja, mara nyingi usiku, kwa makubaliano ya nusu kwanza, nusu akimaliza. Sisemi kwa dharau. Baadhi ya kazi safi kuliko zote nilizowahi kukagua ziliandikwa na vijana ambao bado wako chuoni. Ninachosema ni kwamba huyo ndiye anayeamua fomu iulize nini, majibu yakae wapi na yakae muda gani. Zamani maamuzi hayo yalikuwa ya mwenye duka na daftari lake.

Tutazame muamala mmoja. Mteja anabonya "Lipa". Programu ya duka inautumia mtandao wa simu vitu vitatu: namba ya mteja, kiasi na kumbukumbu ya oda. Mtandao unamletea mteja ujumbe wa kuweka namba ya siri. Akishaweka, mtandao unarudisha jibu kwenye anwani ambayo msanidi aliitaja siku ya kuunganisha: muamala umefanikiwa, namba yake ni hii, kiasi ni hiki, aliyelipa ni huyu. Zimepita sekunde chache tu na mteja ameshaona neno "Asante".

Yanayofuata hayaonwi na mteja wala na mwenye duka. Jibu lile linaingia kwenye kanzidata, sawa. Linaingia pia kwenye faili la kumbukumbu za mfumo, ambalo msanidi aliliwasha wakati wa majaribio ili aone makosa na hakurudi kulizima. Jina na namba vinakwenda kwa kampuni inayotuma meseji. Vinakwenda tena kwenye huduma ya kupima matangazo, ambayo seva zake hazipo nchini. Raba ni jozi moja, lakini taarifa za mnunuzi zimelala sehemu nne.

Kuna maduka yanayodai mpaka namba ya NIDA ili mtu anunue viatu. Sijapata kuelewa kwa nini. Namba ile ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mwenye nayo. Ukiikusanya umeshakusanya tarehe ya kuzaliwa, hata kama fomu yako haina kisanduku cha umri. Usichokihitaji usikidai. Sheria inasema hivyo hivyo kwa maneno marefu zaidi.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Inatumika Tanzania Bara na Zanzibar, isipokuwa kwa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Inawataja watu wawili ambao wafanyabiashara wengi huwachanganya. Mkusanyaji ni yule anayeamua taarifa zikusanywe kwa lengo gani na kwa njia gani. Mchakataji ni yule anayezishughulikia kwa niaba ya mkusanyaji. Mwenye duka ni mkusanyaji. Msanidi anayeendelea kuutunza mfumo na kuingia kwenye kanzidata, pamoja na kampuni ya meseji, ni wachakataji. Narudia kwa sababu naulizwa kila wiki: kumlipa mtu akutengenezee mfumo hakuhamishi jukumu lako kwenda kwake. Mteja hakumpa kijana wa IT namba yake. Alikupa wewe.

Jambo jingine linalopitwa haraka ni kwamba sheria imeuweka muamala wa fedha wa mtu miongoni mwa taarifa binafsi nyeti, pamoja na alama za vidole, taarifa za vinasaba na taarifa za watoto. Kwa hiyo orodha ya nani alilipa kiasi gani na lini, ambayo wengi huipakua kwenye Excel na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ili "wafunge hesabu", ina masharti makali kuliko majina matupu, ikiwemo ridhaa ya maandishi isipokuwa pale sheria inapotoa nafuu. Kile kisanduku kilichokwisha kuwekewa tiki kabla mteja hajafika kwenye ukurasa si ridhaa. Wala si ridhaa maneno "ukiendelea umekubali" yaliyoandikwa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi.

Halafu kuna hili la seva. Nimeambiwa, tena na watu wenye shahada, kwamba taarifa zao haziko nchi yoyote kwa sababu "ziko mtandaoni". Mtandaoni ni kwenye kompyuta ya mtu, iliyofungwa kwenye jengo, na jengo liko Ireland, Afrika Kusini au Marekani. Siku ya kufungua akaunti msanidi huulizwa achague eneo, na wengi huacha lile lililotangulia kwenye orodha. Kwa kubonya huko, biashara ya Mwanza imesafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, jambo ambalo lina vifungu vyake na utaratibu wake wa kuombewa kibali. Hatusemi seva za nje zimekatazwa. Tunasema mwenye biashara ajue, na aombe.

Sasa usajili, ambao ndio uliotuleta. Sheria inakataza kukusanya au kuchakata taarifa binafsi bila kusajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Maombi hufanyika kwa njia ya mtandao. Mwombaji anajaza jina na anwani yake, aina ya taarifa anazokusanya, lengo la kuzikusanya, anaowapelekea, kama zinatoka nje ya nchi na zinakwenda wapi, pamoja na hatua za usalama alizochukua. Anamtaja pia Afisa Ulinzi wa Taarifa Binafsi aliyemteua. Ada hutegemea kundi la mwombaji. Usajili ukikubaliwa, cheti hudumu miaka mitano, na maombi ya kuhuisha huwasilishwa kabla muda haujaisha. Ukibadilisha lengo la kukusanya, au ukaanza kumpelekea mtu mpya ambaye hukumtaja, taarifa zako kwenye daftari la usajili zinatakiwa kurekebishwa. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, si usajili huu. TIN si usajili huu. Leseni ya halmashauri nayo si usajili huu. Muda wa kujisajili kwa hiari ulikuwa uishe Desemba 2024 ukaongezwa hadi Aprili 30, 2025, na wapo waliouchukulia muda wa nyongeza kuwa msamaha.

Pale kwenye kipengele cha "anaowapelekea" ndipo maombi mengi yanapokwama. Mwombaji anaandika "hakuna". Sisi wa Tume tunafungua tovuti yake tunawakuta watatu.

Kuhusu adhabu, naomba zisomwe taratibu. Mtu binafsi anayefichua taarifa binafsi kinyume cha sheria anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni inakabiliwa na faini kuanzia shilingi milioni 1 hadi shilingi bilioni 5. Anayeharibu, kufuta, kuficha au kubadili taarifa kinyume cha sheria anakabiliwa na faini ya kati ya shilingi 100,000 na milioni 10, au kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote. Hicho cha mwisho kiwafikie wanaopokea barua ya uchunguzi asubuhi na kufikia mchana kanzidata imeshakuwa tupu. Mbali na mahakama, Tume inaweza kutoza faini ya kiutawala isiyozidi shilingi milioni 100, na aliyeathirika ana haki ya kudai fidia. Lalamiko likipokelewa, uchunguzi hukamilishwa ndani ya siku 90, muda ambao unaweza kuongezwa kwa siku nyingine zisizozidi 90. Maelezo haya ni ya elimu tu, hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili.

Kwa wasanidi nina machache, kwani mengi wanayajua kuliko mimi. Ufunguo wa API, ambao ni kama nywila ya programu, hauandikwi ndani ya programu inayopakuliwa na wateja, wala hauachwi kwenye ghala lililo wazi la GitHub, tovuti ambako wasanidi huhifadhi kazi zao. Anwani inayopokea majibu ya malipo ihakikishe kwamba anayeiletea ujumbe ni mtandao wa simu kweli. Ikiachwa wazi, mtu yeyote aliyeijua anaweza kuitumia ujumbe wa "amelipa", na mzigo ukatoka dukani bila senti kuingia. Funguo za majaribio na za kazi halisi zisichanganywe. Na mkimaliza kazi, kabidhini. Nimeona biashara ambazo akaunti ya seva, jina la tovuti na barua pepe ya usajili vyote viko kwa jina la msanidi aliyekwisha kuhamia mkoa mwingine na habadili tena hata salamu na mwajiri wake wa zamani.

Madhara ya programu kudai taarifa isizozihitaji mlikwisha kuyaona kwenye mikopo ya mtandaoni. Programu iliomba ruhusa ya kusoma majina yaliyohifadhiwa kwenye simu, mkopaji akakubali kwa sababu alikuwa na shida, na siku aliyochelewa kulipa, mama mkwe wake akatumiwa meseji. Yule aliyeandika mistari ya kuyasoma majina yale alikuwa msanidi, tena kwa maelekezo. Mei 2023 Google ilizuia programu za mikopo kwenye duka lake kusoma majina na picha za watumiaji, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ikatangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Biashara iliyojengwa yote juu ya ruhusa moja ya simu ilikata pumzi siku ruhusa hiyo ilipoondolewa.

Nimalizie na shauri moja, bila majina. Dada mmoja alileta malalamiko: alinunua vitenge kwenye duka moja la mtandaoni, na wiki iliyofuata duka jingine, asilolijua, likamtumia meseji ikimtaja kwa jina na kumwuliza kama vile vitenge vya zambarau amevishona tayari. Tukamwita mwenye duka la kwanza. Akaja mama mtu mzima, amebeba risiti zake zote kwenye mfuko wa rambo, na kijana wake nyuma akiwa na kompyuta mpakato.

"Mama, oda zikiingia zinakwenda wapi?"

"Kwenye simu yangu hii hapa."

"Na kwingine?"

"Mwanangu, hayo muulize huyu."

Kijana alifungua programu, akashuka kwenye mistari kwa muda, kisha akasimama. Kila oda ilikuwa ikituma nakala kwenye seva yake ya majaribio. Seva hiyo hiyo ndiyo aliyokuwa akiitumia kumtengenezea mteja wake wa pili, na yule wa pili, alipopewa nywila ili aone kazi inavyoendelea, alikuta majina yamejaa na akadhani amenunuliwa wateja. Hakuna aliyeiba. Mstari ulikuwa mmoja.

"Hii ilikuwa ya majaribio tu, mheshimiwa," kijana alisema.

"Majaribio ya lini?"

Akahesabu kwa vidole. Miaka miwili.

Alitaka kuufuta mstari ule palepale. Nikamzuia, kwa sababu nakala zilizokwisha kutoka zilihitaji kuorodheshwa kwanza kwa ajili ya uchunguzi, na kwa sababu hakuwa na maagizo ya maandishi ya kugusa chochote. Mama akaomba karatasi. Akaandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, kwamba anamwagiza kijana azuie mfumo kupeleka taarifa za wateja wake mahali pengine popote, akatia sahihi, naye kijana akatia yake. Nilipouliza mkataba wao wa awali uko wapi niuambatanishe, walitazamana. Karatasi ile ndiyo ilikuwa ya kwanza kuandikwa kati yao.