Kayamba limeshanunuliwa, mazoezi bado

Vijana wangu wawili, mmoja wa besi na mwingine wa saksafoni, waliingia darasani wakichekelea. Wamepata mpiga piano Kampala na mpiga drams Bujumbura, wanaunda kundi la jazi la watu wanne. "Mmeshapiga pamoja?" "Bado, mwalimu, ila kayamba tumeshanunua." Eti kila mmoja atakuja na ngoma ya kwao, halafu zichanganywe. Hadithi hii nimeichoka, na kila anayeniletea hutoa ushahidi uleule: kundi la mpiga piano Keith Jarrett na Waskandinavia.

Dhana: Kundi la mataifa mbalimbali linanoga kwa sababu kila mmoja kaja na ngoma ya kwao

Haya, wekeni albamu yao ya Belonging, iliyorekodiwa Oslo Aprili 1974. Jarrett, Mmarekani, yuko kwenye piano; saksafoni ni ya Jan Garbarek wa Norway, besi ni Palle Danielsson wa Sweden, drams ni Jon Christensen, naye wa Norway. Nitafutieni humo wimbo wa wachunga mbuzi wa Norway. Vibao vyote sita kavitunga Jarrett. Cha tatu kinakwenda kilokole kabisa, unangoja tu kwaya iingie na makofi, na wanaoushikilia mwendo huo kwa chini ni Mswidi na Mnorway. Steely Dan, bendi ya Marekani, walikipenda kupita kiasi: kibao chao cha "Gaucho" cha mwaka 1980 kilifanana nacho mno, Jarrett akalalamika, jina lake likaongezwa kwenye orodha ya watunzi.

Mnorway kaupatia wapi ulokole? Kwa kusikiliza, tena miaka mingi. Garbarek alimsikia mpiga saksafoni wa Marekani, John Coltrane, redioni akiwa na miaka 14, naye akataka saksafoni. Baadaye yeye na Christensen walipiga na George Russell, Mmarekani aliyehamia Skandinavia miaka ya 1960. Halafu kuna jambo ambalo vijana hawapendi kuambiwa, maana halipendezi kwenye picha za Instagram: Novemba 1973, miezi mitano tu kabla ya Belonging, Garbarek, Danielsson na Christensen walikuwa studio hukohuko Oslo wakirekodi albamu ya Witchi-Tai-To, piano akipiga Bobo Stenson. Jarrett alikuja kukalia kiti cha bendi iliyokwisha kuzoeana. Ndiyo maana siku mbili za studio ziliwatosha.

Na hiyo "ngoma ya kwao", kwao wapi? Baba yake Garbarek alikuwa Mpolandi aliyepelekwa Norway kama mfungwa wa vita, na mtoto akakaa bila uraia hadi alipofika miaka saba. Nyinyi mngemkabidhi ngoma gani?

Mmoja akaniuliza, kundi la Shakti je? Sawa, pale asili za watu zilikuwemo waziwazi: John McLaughlin wa Uingereza na Wahindi watatu. Lakini McLaughlin alikuwa amekaa chini akafundishwa vina, ala ya nyuzi ya India ya kusini, kisha akatengenezewa gitaa lenye nyuzi za ziada za kuvumisha na shingo iliyochimbwa kati ya freti, vile vyuma vya kukatiza shingo, ili noti zipindike. Hata hao Wahindi walikuwa wa shule mbili: Zakir Hussain wa kaskazini, L. Shankar na Vikku Vinayakram wa kusini. Walilazimika kusomana wenyewe kwa wenyewe.

Dawa yangu mnaijua, hata kama mnaichukia: chukua solo moja ya mwenzako, iimbe kwa mdomo mpaka iishe, ndipo ushike ala. Kibao kimoja, mwezi mzima.

Dhana: Lilikuwa kundi la Jarrett na vibarua wake wa Ulaya

Vibarua alikuwa na haja nao gani? Miaka hiyohiyo alikuwa na kundi jingine Marekani, lenye Dewey Redman, Charlie Haden na Paul Motian. Hawa wa Ulaya aliwafuata mwenyewe.

Dhana: Walikaa pamoja miaka na miaka

Albamu za studio ni mbili tu, Belonging na My Song iliyorekodiwa mwaka 1977. Mwaka 1979 walirekodiwa jukwaani Tokyo na New York, hadithi ikaishia hapo. Albamu ya Sleeper, iliyorekodiwa Tokyo hiyohiyo, ilitoka 2012, ndiyo maana wengine wanadhani bendi ilikuwa hai muda wote huo.

Dhana: Jazi ni kama Morogoro Jazz

Hiyo ni dansi. "Jazz" lilikuwa jina la fasheni, bendi za Kongo na Tanganyika zikajipachika. Mbaraka Mwinshehe nampenda kuliko nyinyi, ila yeye ni somo la Jumatano.

Kayamba nimewanyang'anya, liko kabatini. Nimewapa solo ya Garbarek kwenye kile kibao cha tatu. Wa saksafoni kafika nusu, anaimba akiwa kafumba macho. Wa besi bado anakohoa.