Hatua ya nne ya Donkey Kong, na vizuka vinne ndani ya baiti 128

Kwa miaka mingi niliamini Donkey Kong ina hatua tatu. Niliicheza kwenye zile konsoli za bei nafuu zilizojaa Afrika Mashariki miaka ya 90, zenye kaseti ya njano iliyobandikwa kwamba ina mamia ya gemu. Unapanda vyuma huku mapipa yakikuporomokea, unapita kwenye lifti, unang'oa riveti juu kabisa, kisha unarudi mwanzo. Nilipokuja kucheza ile ya mashine ya sarafu ya 1981, ikatokea hatua ambayo sikuwahi kuiona: mikanda inayosogeza trei za saruji kulia na kushoto, zile ambazo wachezaji wa Marekani walizoea kuziita pai. Nilikaa nikiitazama kama mtu aliyegundua chumba kipya ndani ya nyumba aliyozaliwa.

Konsoli zetu zile zilikuwa nakala za Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani Julai 1983. Donkey Kong ilikuwa moja kati ya gemu tatu za siku ya kwanza, na kaseti yake ilibeba kilobaiti 24 tu: 16 za programu, 8 za picha. Hatua ya mikanda haikuingia.

Mimi huandika programu za mashine hizi kwa lugha ya asembla, yaani kwa amri za prosesa yenyewe, moja baada ya nyingine, na swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: kwa nini waliozileta gemu nyumbani hawakunakili tu ile ya mashine ya sarafu? Ni kwa sababu hakukuwa na cha kunakili. Mashine ya sarafu ilikuwa kompyuta iliyotengenezwa kwa ajili ya gemu yake. Programu yake ukiipeleka kwenye konsoli ya nyumbani haifanyi lolote. Anayehamisha gemu hukaa mbele ya skrini, hutazama kinachotokea, halafu huandika upya kila kitu kwa mashine dhaifu zaidi. Na lazima aamue nini kiachwe. Uamuzi huo ndio ninaopenda kuusoma katika kila toleo.

Hakuna mfano unaonishika kama Pac-Man, gemu ya mdomo unaokula vidonge kwenye njia zenye kuta huku ukifukuzwa na vizuka vinne, katika toleo la konsoli ya Atari 2600, lililoandikwa na Tod Frye na kutoka 1982. Konsoli yenyewe ilikuwa ya 1977, na kumbukumbu yake ni baiti 128. SMS moja hubeba baiti 140. Yaani hali yote ya gemu, pointi, mahali alipo kila mmoja, vidonge vilivyoliwa na visivyoliwa, vilipaswa kuingia katika nafasi ndogo kuliko ujumbe mmoja wa simu. Toleo hilo lina vidonge 126, wakati mashine ya sarafu ilikuwa na 244. Hata ukikipa kila kidonge biti moja tu, na baiti ina biti nane, hizo ni baiti 16. Frye aliweka pia wachezaji wawili wa kupokezana, kila mmoja na vidonge vyake, kwa hiyo ni 32. Robo ya kumbukumbu imekwisha na hakuna aliyesogea bado.

Kumbukumbu, hata hivyo, haikuwa kikwazo kikubwa kuliko vyote. Atari 2600 haina mahali pa kuhifadhi picha. Programu huchora kila mstari wa TV wakati uleule mwale wa TV unapoupita, na mstari mmoja unapita ndani ya mizunguko 76 ya prosesa, yaani mapigo 76 ya saa yake. Kusoma baiti kutoka kwenye jedwali kwa njia ya kawaida ni mizunguko 4, kuiandika kwenye chipu ya picha ni 3. Jumla 7. Kuta huchorwa kwa rejista tatu, vijisanduku vya chipu hiyo, zenye jumla ya biti 20, zinazojaza nusu ya kushoto, na chipu yenyewe huzigeuza kama kioo upande wa kulia. Kwa kuta za Pac-Man hiyo ni zawadi, maana pande zote mbili zinafanana. Vidonge havifanani: mchezaji akila vya kushoto, vya kulia vinabaki. Kwa hiyo kwenye mistari ya vidonge unaandika rejista zote tatu mara mbili, mara sita kwa mizunguko 7, yaani 42. Imebaki 34 kwa ajili ya Pac-Man, kizuka na kuhesabu mistari.

Nilipojaribu mwenyewe mara ya kwanza, mstari wangu ulikula mizunguko 79. Mitatu tu ya ziada. Kila mstari uliochelewa ulisubiri mstari unaofuata, fremu, yaani picha nzima moja ya TV, ikarefuka karibu mara mbili, na picha ikaanza kubingirika kwenye TV ya chogo niliyoitunza kwa kazi hiyo. Ilinichukua wiki mbili kuipata ile mitatu. Tangu siku hiyo siwezi kumsikia mtu akiibeza kazi ya Frye nikanyamaza.

Chipu hiyo hutoa vichoro viwili tu vyenye umbo, kila kimoja pikseli 8 kwa upana. Gemu ya Pac-Man inahitaji watano wanaotembea: yeye na vizuka vinne. Frye alimpa Pac-Man kichoro kimoja, cha pili wakapokezana vizuka vinne, fremu moja kwa kila kizuka. TV ya Marekani huonyesha fremu 60 kwa sekunde, hivyo kila kizuka kinaonekana mara 15. Ipige picha skrini hiyo kwa simu, kwa kasi ya kutosha, utapata kizuka kimoja peke yake, watatu hawapo. Kwa TV za mfumo wa PAL, kama zetu za zamani, zenye fremu 50, idadi inashuka hadi mara 12 na nusu, na kumeta kunachosha macho zaidi.

Kaseti zaidi ya milioni 7 ziliuzwa, na malalamiko nayo yakawa mengi. Lakini angalieni Ms. Pac-Man ya konsoli ileile, iliyotoka 1983. Chipu ni ileile na baiti ni zilezile 128, isipokuwa kaseti ilikuwa na kilobaiti 8 badala ya 4. Vizuka vyake humeta kidogo sana, kwa sababu kichoro kimoja kinaweza kutumika juu ya skrini kisha kikatumika tena chini ndani ya fremu moja, na zamu zinahitajika pale tu vizuka vinapokuwa kwenye mistari ileile. Kilobaiti 4 za ziada ndizo zilizompa mwandishi nafasi ya kuandika ujanja huo.

Kwenye mashine za mkononi tatizo linageuka. Game Boy ya 1989 ina kumbukumbu ya kutosha na vichoro 40, ila skrini yake ni pikseli 160 kwa 144. Njia za Pac-Man kwenye mashine ya sarafu ni miraba 28 kwa 31, kila mraba pikseli 8; Game Boy inaonyesha 20 kwa 18, chini ya nusu. Namco, kampuni yenye Pac-Man, walikupa uchaguzi: picha kubwa inayosogea na mchezaji, au picha iliyopunguzwa hadi njia zote zionekane.

Wengi huchagua kubwa kwa sababu inapendeza. Mimi nasema chagua ndogo. Pac-Man ni gemu ya kujua vizuka wote wanne wako wapi. Mwekundu anakufuata ulipo. Wa waridi analenga miraba minne mbele yako. Wa buluu anapiga hesabu kutoka mahali alipo yule mwekundu, na wa chungwa akikukaribia ndani ya miraba minane anageuka kwenda zake. Ukifichwa watatu kati yao, umebaki na gemu ya kushtukizwa. Ukiwaona wote, hata wakiwa wadogo kama punje za mtama, unaweza kumvuta mwekundu kushoto ukijua wa buluu atabadilisha njia, kisha ukakata kona ya kulia juu kabla ya wa waridi hajaiziba.