A1GP 2008–09: dhana potofu kuhusu msimu wa mwisho wa "kombe la dunia" la langalanga

A1 Grand Prix (A1GP) ilianza mwaka 2005 kwa wazo zuri lililotoka Dubai, kwa Sheikh Maktoum Hasher Maktoum Al Maktoum: mataifa yashindane badala ya kampuni za magari, na kila timu iendeshe gari la aina moja. Msimu wa nne ndio uliokuwa wa mwisho. Kwa kuwa kampuni ilifilisika muda mfupi baadaye, watu wamechanganya kuanguka kwake na mbio zenyewe, na bingwa wa msimu ule hapewi heshima anayostahili.

Dhana: Msimu ulivunjika, Ireland ikapewa ubingwa wa mezani.

Si kweli. Raundi saba zilikimbiwa: Zandvoort, Chengdu, Sepang, Taupo, Kyalami, Portimão na Brands Hatch. Kila raundi ilikuwa na mbio mbili, fupi na kuu. Mshindi wa mbio fupi alipata pointi 10, wa mbio kuu 15. Timu zilipofika Brands Hatch tarehe 3 Mei 2009, Uswisi na Ureno bado zilikuwa na nafasi ya kuipiku Ireland. Adam Carroll, dereva wa Ireland, akashinda mbio zote mbili siku hiyo. Huwezi kudai ushahidi wa barabarani ulio wazi kuliko huo.

Kilichopunguzwa ni kalenda. Raundi ya Mugello, Italia, iliyopangwa kufungua msimu, ilifutwa kwa sababu magari mapya yalichelewa kukamilika. Raundi za Indonesia na Mexico nazo hazikufanyika. Hasara ya kuchelewa kwa magari haikuishia kwenye tarehe. Timu hukosa siku za majaribio, mafundi hawapati muda wa kujua gari linapenda mpangilio gani wa springi na mabawa, na vipuri huwa haba. Baadhi ya timu hazikuwa na gari tayari hata Zandvoort.

Dhana: Yalikuwa magari ya Formula One ya Ferrari yaliyopakwa rangi mpya.

Chasisi, yaani kiunzi cha gari, ilichorwa kwa kufuata misingi ya Ferrari F2004, gari la Formula One la mwaka 2004, na hapo ndipo uvumi ulipoanzia. Lakini F2004 ilikuwa na injini ya V10 (silinda kumi) ya lita 3.0 yenye nguvu ya farasi zaidi ya 850. Gari la A1GP lilikuwa na V8 (silinda nane) ya Ferrari ya lita 4.5, takriban farasi 600, na matairi ya Michelin. Injini kubwa isiyokamuliwa hadi tone la mwisho hudumu zaidi, na kwa mashindano yanayohama bara hadi bara hilo ni jambo la maana sana.

Dhana: Timu zilikuwa za serikali.

Timu ziliendeshwa na watu binafsi walionunua haki ya kuwakilisha nchi. Sharti lilikuwa uraia wa dereva. Timu ya Ireland iliwakilisha kisiwa kizima, ndiyo maana Carroll, mzaliwa wa Portadown huko Ireland Kaskazini, aliweza kuiendeshea.

Dhana: Mbio za mwisho za A1GP Afrika zilikuwa Durban.

Durban iliandaa misimu mitatu ya kwanza kwenye barabara za mjini. Msimu wa mwisho mashindano yalihamia Kyalami, pia Afrika Kusini, Februari 2009.

Dhana: Ferrari ndiyo iliyoiua A1GP.

Ferrari ilikuwa msambazaji mwenye mkataba wa miaka sita. Mashindano hayakuwa mali yake. Kiini cha tatizo kilikuwa mfumo wenyewe: magari yote yalimilikiwa na waandaaji. Mfumo huo ulibana gharama za timu na kuwapa wote silaha sawa, lakini uliweka roho ya mashindano mazima ndani ya kampuni moja. Kampuni ya uendeshaji ilipoingia kwenye ufilisi Juni 2009, timu zenye madereva, mafundi na wadhamini hazikuwa na gari hata moja la kuingiza barabarani.

Hapo ndipo panapoondoka pia ile dhana kwamba msimu wa 2009–10 ulifanyika. Kalenda ilitangazwa, na ufunguzi ukapangwa Surfers Paradise, Australia, Oktoba 2009. Magari hayakuachiliwa kutoka Uingereza, waandaaji wa Australia wakajaza nafasi kwa mbio za ziada za V8 Supercars, mashindano ya magari ya Australia, na hakuna raundi hata moja iliyokimbiwa.

Dhana: Magari ya Ferrari yalihamia Auto GP, mashindano mengine ya langalanga, mwaka 2010.

Yaliyohamia ni ya kizazi kilichotangulia: Lola B05/52 (magari ya kampuni ya Lola) yenye injini ya Zytek V8 ya lita 3.4, yaliyotumika misimu mitatu ya kwanza. Ukiona picha ya gari la Auto GP la mwaka huo, ni la Lola. Yale ya Ferrari yalinunuliwa kwa ajili ya mashindano mengine yaliyotangazwa, ambayo hayakuwahi kuanza.