Povu Linalotengenezwa na Mwamba

Watu wengi wakisikia kwamba povu hutumika katika uchimbaji wa mafuta, hudhani kuna mtambo juu ya kisima unaolikoroga na kulisukuma chini. Mara nyingi sivyo. Kinachopelekwa chini ni gesi na maji yenye safaktanti, kemikali ya jamii ya sabuni. Povu hufanyika humo humo mwambani, ndani ya vinyweleo ambavyo vingi ni vyembamba kuliko unywele.

Povu linatakiwa kwa sababu gesi peke yake haishikiki. Ni nyepesi na mnato wake ni mdogo mno. Ukiisukuma iyaswage mafuta, hupanda juu ya tabaka, hufuata njia rahisi, na kutokea kisima cha pili, kile cha kutolea mafuta, mapema huku mafuta yamebaki nyuma.

Sasa tazama kinyweleo kimoja. Kuna chumba, kisha shingo nyembamba, kisha chumba kingine. Maji hung'ang'ania kuta, gesi hupita katikati. Gesi ikishapenya shingo na kutanuka chumbani, mgandamizo wa kapilari, yaani tofauti ya mgandamizo kati ya gesi na maji ndani ya kinyweleo, hushuka, nayo maji ya ukutani hurudi shingoni, huvimba pande zote mpaka hukutana na kuikata gesi. Kilichokatika ni kiputo. Bila safaktanti viputo vingeungana tena upesi. Yenyewe hujipanga juu ya utando wa maji, vichwa majini na mikia kwenye gesi, na kuuzuia usipasuke. Utando ukisukumwa hadi njia panda hugawanyika, ukaziba njia zote mbili.

Maabara tunatumia kipande cha mwamba-mchanga, mche wa duara wenye kipenyo cha sentimita 4 hivi, kilichobanwa ndani ya bomba la chuma. Gesi na maji ya safaktanti huingia upande mmoja, na geji husoma tofauti ya mgandamizo kati ya ncha mbili. Mwanzoni haisomi kitu cha maana. Ongeza kasi kidogo kidogo, na mahali fulani tofauti hiyo huruka ghafla mara kumi au zaidi: tando zimeanza kung'oka shingoni na kuzaana. Ndiyo maana povu hufanyika kwa urahisi karibu na kisima, penye msukumo mkali, na kwa shida mbali nacho.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba povu huwa kali kwenye mwamba unaopitisha kwa wepesi, kuliko kwenye ule uliobana, ambako mgandamizo wa kapilari ni mkubwa na tando hupasuka. Yaani huziba pale pale gesi ilipotaka kutorokea. Maadui wake nao wapo: mafuta yenyewe huliua, na udongo wa mfinyanzi ulio mwambani hunyonya safaktanti, ambayo si rahisi kwa bei.

Norway ililijaribu kwa kiwango kikubwa katika eneo la Snorre, Bahari ya Kaskazini, kati ya 1997 na 2000, palipokuwa pakiingizwa maji na gesi kwa zamu. Upande wa magharibi gesi ilicheleweshwa, na nyingi ikabaki ardhini. Anayetaka kuiuza gesi hiyo huenda asifurahi. Anayezika kabonidioksidi anatafuta hilo hilo, na ndiyo maana utafiti huu sasa umehamia pia kwa watu wasio na haja na mafuta.