Mtutu mrefu na shabaha

Wawindaji wengi wanaomwagiza fundi bunduki ya kuwindia huamini kwamba mtutu mrefu hulenga vizuri zaidi. Imani hii ina asili yake: zamani mlengaji alitumia vilengeo vya chuma, na kadiri nafasi kati ya kile cha nyuma na cha mbele ilivyokuwa kubwa ndivyo kosa la jicho lilivyopungua. Kwa anayetumia darubini, faida hiyo haipo tena.

Urefu huongeza mwendo wa risasi, nao hauongezi usahihi. Usahihi hutokana na uimara wa chuma, uchongaji wa chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, na usafi wa ukingo wa mdomo wa mtutu, ambapo mkwaruzo mdogo tu hupotosha risasi. Tena mtutu mwembamba ukirefushwa hutetemeka zaidi.

Kwa hiyo risasi ichaguliwe kwanza, urefu ufuate. Risasi ya .308 Winchester, iliyotoka mwaka 1952, haina baruti nyingi, na kupunguza mtutu kutoka sentimita 61 hadi 56 huipunguzia takriban mita 15 kwa sekunde kati ya zaidi ya 800, tofauti ambayo swala aliye umbali wa mita 150 hataihisi. Risasi ya 7mm Remington Magnum ni jambo jingine: baruti yake ni nyingi na huungua polepole, hivyo kuifupishia mtutu ni kununua mlio na moto mdomoni kwa bei ya mwendo.