Olspaisi si mchanganyiko wa viungo

Jina lake la Kiingereza lina maana ya "viungo vyote", basi wengi hudhani ni bizari iliyochanganywa kiwandani. Sivyo. Ni tunda la mti mmoja, Pimenta dioica, wenye asili ya Jamaica, kusini mwa Meksiko na Amerika ya Kati. Huchumwa bichi, likaanikwa hadi likawa kahawia. Linanukia karafuu, mdalasini na kungumanga kwa pamoja, ndiyo sababu ya jina hilo. Tena karafuu ni ndugu yake wa damu: miti yote miwili ni ya ukoo mmoja, na eugenoli, kemikali inayotoa harufu ya karafuu, imo katika yote. Wajamaika huzisaga punje pamoja na pilipili kali, wakapaka nyama ya jerk, yaani nyama choma ya kwao yenye viungo vikali, wakaichoma kwa kuni za mti huohuo. Nunua punje nzima. Unga hupoteza harufu upesi.